Plagi Mpya Hazizibi Manifoldi Inayovuja

Mazungumzo ya leo yanaingia gereji, mbele ya boneti iliyofunuliwa ya Land Rover ya petroli, ile ndefu ya 109, namba inayotaja inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Magari haya bado yapo. Oktoba 2024 Arusha ilikuwa na tamasha la Land Rover, na misururu ya magari ya kila umri ilipita mjini, yakiwemo yale yenye bati lililobonyea ambayo kwa miongo kadhaa yamebeba watalii, walimu, dawa na mahindi.

Kati ya malalamiko ambayo wenye magari haya huyapeleka kwa fundi, moja linajirudia. Gari linawaka vizuri asubuhi, na barabarani linakwenda. Likisimama kwenye kivuko cha reli au mbele ya geti, linatetemeka mpaka vioo vinagonga fremu, linamisi, yaani silinda inaruka zamu yake bila kuwaka, na mguu ukitoka kwenye mafuta linazima. Dereva anakwenda duka la spea, ananunua plagi nne, anafunga. Gari linatulia. Miezi miwili mitatu baadaye mtetemo umerudi.

Hapo lawama huanza: plagi zilikuwa feki, petroli chafu, fundi mbabaishaji. Plagi feki zipo madukani, na petroli chafu ipo pia. Lakini hata plagi halali inaweza kumdanganya dereva kwa muda. Plagi mpya ina ncha zenye kona kali, na umeme huruka kwa urahisi zaidi kutoka kwenye kona kali kuliko kwenye ncha iliyolika na kuviringika. Kwa hiyo inaweza kuwasha mchanganyiko wenye petroli haba ambao plagi ya zamani ilishindwa kuuwasha. Kona zikipungua ukali na nafasi ikipanuka, kasoro iliyofunikwa inajitokeza tena. Mara nyingi kasoro hiyo ni hewa inayopenya pasipotakiwa, kwenye manifoldi ya kuingizia, yaani bomba linalogawa mchanganyiko kwa silinda, au kwenye mipira iliyounganishwa nayo.

Ni vizuri kuifahamu injini yenyewe kwanza. Land Rover ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 1948. Mwaka 1958 lilikuja toleo la Series II, na pamoja nalo injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita 2,286, ambayo wengi huiita mbili na robo. Injini hiyo ikaendelea kufungwa kwenye Series III iliyoanza 1971, mpaka katikati ya miaka ya 1980. Nchini Kenya, Land Rover ziliunganishwa katika kiwanda cha Thika.

Ndani yake hakuna kompyuta wala taa ya kumwambia dereva kwamba kuna tatizo. Distribyuta hugawa umeme kwa mpangilio wa silinda ya 1, 3, 4, kisha 2. Kabureta moja huchanganya petroli na hewa, ikiwa imekaa juu ya manifoldi ya kuingizia. Manifoldi hiyo nayo imefungwa kwa boliti kwenye manifoldi ya kutolea moshi, ili joto la eksozi lisaidie petroli kuvukiza. Mpango huo una faida, ila una gharama yake: vyuma viwili vilivyoshikana, kimoja kikichemka na kingine kikipozwa na petroli inayovukiza, hutanuka kwa viwango tofauti kila gari linapowashwa na kuzimwa. Baada ya miaka arobaini ya kutanuka na kunywea, uso unaokutana na silinda hedi hupinda, stadi hulegea, gasketi huungua pembeni. Upande wa eksozi ukivuja, gari hupiga kelele na kila mtu anajua. Upande wa kuingizia ukivuja, hakuna moshi wala mlio mkubwa. Kuna mtetemo tu.

Sababu ya mtetemo ni hii. Gari likiwa kwenye sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, kilango cha kabureta karibu kimefungwa kabisa. Pistoni zinavuta, hewa haipiti kwa wingi, na ndani ya manifoldi kunakuwa na mvuto mkubwa. Ni sawa na mtu anayekunywa dafu kwa mrija uliotoboka: anavuta kwa nguvu, lakini anachopata ni hewa ya pembeni na matone machache. Hewa hiyo haikupita kwenye kabureta, kwa hiyo haikuongezewa petroli, na silinda iliyo karibu na tundu hupata mchanganyiko usiowaka vizuri. Dereva akikanyaga mafuta, kilango kinafunguka, mvuto unapungua, na hewa ya tundu inakuwa sehemu ndogo ya hewa yote inayoingia. Injini inatulia.

Ugonjwa wa cheche huenda kinyume. Umeme unapata kazi ngumu zaidi kuruka kwenye ncha za plagi pale shinikizo ndani ya silinda linapokuwa kubwa, na shinikizo huwa kubwa gari likiwa na mzigo na mafuta yamekanyagwa. Kwa sababu hiyo gari lenye koili iliyochoka, waya wa plagi uliopasuka, kifuniko cha distribyuta chenye ufa au plagi yenye nafasi pana mno linaweza kunguruma vizuri uwanjani, halafu likaanza kukohoa kwenye mlima. Swali la kwanza la fundi anayejua kazi yake ni fupi: linamisi likisimama au likipanda? Jibu halimalizi uchunguzi, kwa sababu plagi iliyolowa oili humisi hata gari likiwa limesimama. Lakini linampa mahali pa kuanzia.

Baada ya swali hilo ndipo plagi zinatolewa, na zinatakiwa kutolewa zote nne na kupangwa mezani kwa mpangilio wa silinda zilikotoka. Gereji nyingi hukosea hapa. Plagi zinachomolewa, zinatupwa kwenye kopo moja, zinasuguliwa kwa brashi ya waya, na taarifa yote zilizokuwa nazo inapotea.

Plagi hufanya kazi vizuri ncha yake ikiwa na joto la kati ya nyuzi 450 na 850 hivi za selsiasi. Ikipoa chini ya hapo, masizi hayaungui na hujikusanya kwenye kauri. Ikizidi sana, ncha yenyewe huwa kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya wakati. Masizi meusi makavu yaliyotanda kama unga yanasema petroli ni nyingi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, choki imekwama, au kabureta inafurika. Weusi wenye unyevu na mng'ao ni oili inayopita kwenye ringi za pistoni au kwenye gaidi za valvu. Kauri nyeupe kupita kiasi, wakati mwingine ikiwa na chembe ndogo zilizoyeyuka, inaonyesha joto kali, na sababu ya kawaida ni petroli haba. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ndiyo ya afya.

Kuna jambo ambalo vitabu vya zamani vya gari hili havikuweza kulisema. Viliandikwa wakati wa petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, baada ya azimio la Dakar la 2001. Petroli isiyo na risasi huacha mabaki machache, na kauri ya plagi yenye afya leo huonekana nyeupe zaidi kuliko ile ya kwenye picha za kitabu cha 1972. Fundi anayelinganisha rangi na picha hizo anaweza kuliona gari zima kuwa lina petroli haba, akaanza kuongeza petroli kwenye kabureta bila sababu.

Njia iliyo salama zaidi ni kulinganisha plagi na plagi. Zote nne zikiwa nyeupe, tatizo liko kwenye kitu kinacholisha silinda zote: jeti iliyoziba nusu, chujio la petroli, pampu dhaifu, au gasketi iliyo chini ya kabureta. Mbili zinazopakana zikiwa nyeupe na mbili nyingine zikiwa za kahawia, kidole kinaelekea kwenye manifoldi, upande wa zile mbili. Moja tu ikiwa nyeusi na nyingine ziko safi, fundi aanze na waya wa plagi hiyo, kisha apime kompresheni ya silinda hiyo kabla ya kununua chochote.

Plagi zinazosomwa baada ya gari kuingia gereji likinguruma polepole kwa dakika kumi zinaeleza hizo dakika kumi tu. Anayetaka kujua hali ya safari huendesha kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari, kwa mwendo wa kawaida, kisha hukanyaga klachi na kuzima injini bila kuchomoa ufunguo, maana Series III ina kufuli ya usukani. Gari likisimama, plagi zinatolewa hapo hapo. Huwa za moto, hivyo kitambaa kizito kinahitajika.

Dukani kuna mtego mwingine. Plagi huja za joto tofauti kulingana na urefu wa kauri yake, na namba za makampuni hazisomwi kwa njia moja. Kwa Champion, namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Kwa NGK, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi. Anayebadilisha chapa kwa kukisia kwamba namba kubwa ni bora anaweza kufunga plagi baridi kwenye injini ya mwendo wa polepole, halafu akashangaa masizi yanatoka wapi. Urefu wa uzi nao uangaliwe. Plagi fupi inaacha uzi wa silinda hedi wazi ndani ya chumba cha moto, kaboni inajaa humo, na siku ya kufunga ile sahihi haiingii.

Sasa manifoldi. Kifaa cha kwanza cha kuitafuta hewa inayovuja ni kipande cha mpira mwembamba, urefu wa mkono, ncha moja sikioni na nyingine ikipitishwa polepole kando ya gasketi injini ikinguruma, mbali na feni. Penye tundu pana mlio wa kunyonya. Baadhi ya mafundi hunyunyiza petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio na kusikiliza kama mwendo utapanda. Njia hiyo hufanya kazi, na imekwisha kuunguza magari, kwa sababu eksozi ya moto iko sentimita chache tu kutoka hapo. Maji ya kunyunyizia, kwa matone machache, mara tu gari likiwashwa na kabla eksozi haijapata moto, yanatosha: yakivutwa ndani, mlio wa injini hubadilika kwa nukta chache. Maji mengi kwenye chuma kilichochemka yanaweza kukipasua, na karibu na distribyuta hayatakiwi kabisa.

Kabla ya kufungua boliti hata moja, mipira yote inayopata mvuto kutoka kwenye manifoldi ibanwe mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ni ule mnene wa servo ya breki, kwa magari yenye servo. Ukibanwa kwa koleo laini na gari likatulia, basi manifoldi haina kosa. Kosa liko kwenye mpira au kwenye servo yenyewe, na hilo ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la mtetemo. Kisha kuna kale kamrija kembamba kanachotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distribyuta. Fundi hukachomoa, hukanyonya kwa mdomo na kukaziba kwa ulimi. Mvuto ukitoweka papo hapo, kiwambo cha ndani kimetoboka.

Baada ya hapo huja kupima silinda moja moja. Injini ikiwa kwenye sailensi, waya za plagi zinachomolewa kwa zamu, kwa koleo lenye mpira, na kila waya unaochomolewa unagusishwa kwenye bodi ili koili isiumie. Silinda nzima ikikatwa, mwendo unashuka waziwazi. Silinda isiyofanya kazi ikikatwa, hakuna kinachobadilika. Zikikutwa ya 2 na ya 3 hazibadilishi kitu, na plagi zao ndizo zilizokuwa nyeupe mezani, ushahidi umekutana. Mtindo huu ni wa magari yenye distribyuta ya pointi. Land Rover iliyofungiwa mfumo wa kielektroniki isifanyiwe hivi, maana umeme ukikosa njia unaweza kuharibu mfumo huo.

Mwenye geji ya mvuto ana msaada mkubwa, ilimradi akumbuke yuko wapi. Vitabu vinasema injini nzima kwenye sailensi husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Kila mita 300 za kupanda, usomaji hupungua kwa karibu inchi moja. Tanga, pwani, namba hizo zinafaa kama zilivyo. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na injini nzima hapo inaweza kusoma 12 hadi 16. Fundi asiyelijua hilo atafungua manifoldi isiyo na kosa. Zaidi ya namba, aangalie sindano. Sindano iliyotulia lakini iko chini mno inaashiria hewa inayopenya au taimingi iliyochelewa. Sindano inayodunda kwa mpangilio inaelekeza kwenye silinda moja, pengine valvu isiyofunga.

Mwinuko huohuo unachanganya rangi za plagi. Gari lililorekebishiwa kabureta pwani, likipanda kutoka Mto wa Mbu hadi ukingo wa Ngorongoro, kwenye mita kama 2,300, linakutana na hewa nyepesi zaidi kwa takriban moja ya tano kuliko ile ya pwani, wakati jeti zake bado zinamimina petroli kwa kipimo kilekile cha chini. Plagi zinaanza kuwa nyeusi bila kitu chochote kuharibika. Dereva wa watalii anayeshinda huko juu wiki nzima ana sababu ya kuweka jeti ndogo. Anayepita tu hana.

Ikithibitika kwamba ni manifoldi, dawa inayopendwa na wenye haraka ni silikoni iliyopakwa juu ya ufa. Silikoni ya kawaida haistahimili petroli. Hulainika, hunyofoka, na vipande vyake huweza kuvutwa ndani. Kazi yenyewe ni kushusha manifoldi zote mbili, kusafisha nyuso, na kuweka rula ya chuma kwa urefu wake huku mwanga ukipitishwa nyuma. Mwanga ukionekana, manifoldi ipelekwe mashineni ikasawazishwe, ikiwa imeunganishwa na mwenzake wa eksozi, ili nyuso zote zikae kwenye usawa mmoja. Wakati wa kufunga, boliti zinazounganisha manifoldi mbili ziachwe zimelegea kidogo, zote mbili zikazwe kwanza kwenye silinda hedi kwa gasketi mpya, ndipo zile za kuunganisha zikazwe. Anayeanza kinyume anaivuta manifoldi moja pembeni, na uvujaji unarudi mapema. Gari likishapata moto na kupoa, nati zote zikaguliwe tena.

Kuna anayeuliza: kwa nini kusumbuka hivyo kwa mtetemo ambao mguu kidogo kwenye mafuta unauondoa? Jibu liko kwenye vumbi. Hewa ya kawaida hupita kwanza kwenye chujio lenye oili, na mchanga hubaki humo. Hewa ya tundu la manifoldi haipiti popote. Gari linalozunguka Serengeti wakati wa kiangazi likiwa na tundu hilo linavuta vumbi moja kwa moja kwenye silinda, na vumbi hilo linasaga ringi na kuta zake. Ringi zikilika, oili inapanda, na plagi iliyokuwa nyeupe kwa sababu ya hewa inakuwa nyeusi yenye unyevu kwa sababu ya oili. Gasketi ambayo ingebadilishwa kwa kazi ya siku moja inakuwa imegeuka injini ya kufanyiwa ovahoo.

Manifoldi ikisharudi mahali pake, marekebisho mengine yana mpangilio wake. Nafasi ya valvu kwanza, milimita 0.25. Kisha pointi za distribyuta, 0.35 hadi 0.40. Plagi, 0.75 hadi 0.80. Taimingi ifuate, na skrubu za kabureta ziguswe mwisho kabisa, kwa sababu mara nyingi ndizo zilizochezewa kwa miezi yote ambayo gari lilikuwa likivuta hewa. Ikiwa baada ya hayo bado linafurika petroli, na kabureta ni ile ya Zenith iliyokuja na magari mengi ya Series III, ifunguliwe na kukaguliwa pete ndogo ya mpira iliyo ndani na usawa wa nyuso za kabureta, maana hupinda zikikazwa kwa nguvu nyingi.

Plagi za zamani zisitupwe. Zifungwe kwenye karatasi, kila moja na namba ya silinda yake na tarehe, ziwekwe ndani ya gari. Baada ya kilomita mia tano za kazi ya kawaida, mpya zitolewe na kupangwa kando ya zile za zamani. Ikiwa ya 2 na ya 3, zile nyeupe za mfano wetu, zimefanana na ya 1 na ya 4, kazi imekwisha. Kama bado zimepauka peke yake, rula itoke tena sandukuni, na safari hii iwekwe kwenye uso wa silinda hedi.